Siku Nzima kwa Baiskeli Kwenye Miombo ya Lubumbashi: Namna ya Kwenda na Kurudi

Ukitoka Lubumbashi na baiskeli ya milimani, usitegemee kuingia msituni pale nyumba za mwisho za komini ya Annexe zinapoishia. Jiji hili lilianzishwa mwaka 1910, na tangu wakati huo limekuwa likila miti inayolizunguka. Leo inaliwa zaidi kwa ajili ya makala (mkaa) ya kupikia bukari. Kwa hiyo kilomita 20 au 30 za kwanza utapita mashamba ya mahindi, vichaka na visiki vinavyochipua upya. Miombo yenyewe, yenye mputu, mutondo na musuku, inaanza baada ya hapo, kwa vipande.

Milima nayo si ya kutisha. Jiji liko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na nchi ya pembeni yake inapanda na kushuka polepole, bonde baada ya bonde. Mtu mwenye mapafu ya kawaida ataimudu. Kinachowashinda wengi ni njia. Mwongozo huu basi utasema machache kuhusu kupanda mlima na mengi kuhusu kurudi nyumbani kabla ya giza.

Jinsi vijia vya makala vilivyo

Karibu kila kijia utakachopita msituni kimekanyagwa na wachoma makala. Kijia kinaanzia kwenye tanuri la udongo, kinaungana na kingine, vyote viwili vinaingia kwenye njia pana, na njia pana inatokea barabarani ambako magunia yanapakiwa. Mfumo mzima unaelekea mjini, kwa sababu mnunuzi yuko mjini.

Hilo lina maana mbili kwako. Unapokwenda, njia zinagawanyika: kila dakika chache unakutana na njia panda, na nyingi zinaishia kwenye duara la udongo mweusi ambalo tanuri lake lilizimwa msimu uliopita. Unaporudi, njia zinaungana, na ukifuata kila mara ile iliyo pana zaidi utatokea kwenye barabara. Ila barabara hiyo inaweza isiwe uliyoiacha asubuhi. Mtu aliyevuka bonde moja bila kujua ameshaingia kwenye mfumo wa vijia vya kijiji kingine, na njia pana ya huko itamtoa kilomita nyingi mbali na alikotarajia, jua likiwa limeshuka.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: ukivuka bonde au kijito, simama uandike. Jina la kijiji cha mwisho, saa, na upande jua lilipo. Karatasi na kalamu vinatosha. Simu inaisha chaji.

Mwezi gani

Mvua za Lubumbashi zinaanza Novemba na kukoma Machi au Aprili. Mei hadi Septemba ni kiangazi kikavu.

Juni na Julai ndiyo miezi bora kwa safari ya kwanza. Ardhi ni ngumu, nyasi zimeanza kulala, na joto la mchana halichoshi. Asubuhi ni baridi kweli, wakati mwingine chini ya nyuzi 10, kwa hiyo vaa jaketi utakaloweza kulivua na kulifunga kwenye baiskeli.

Agosti na Septemba ni wakati wa moto wa porini. Nitaurudia baadaye. Septemba hiyohiyo ndipo miombo inapotoa majani mapya kabla ya mvua hata kugusa ardhi, na vilima vinakuwa vyekundu na rangi ya shaba. Ukiniuliza, hakuna mwezi mzuri kuliko huo kwa macho, na hakuna mgumu kuliko unaofuata kwa mwili: Oktoba joto linapita nyuzi 30.

Wakati wa mvua, acha safari ya siku nzima. Radi hupiga zaidi alasiri, na udongo mweusi wa dembo, yale mabonde ya nyasi yanayojaa maji, unajaza gurudumu mpaka lisizunguke. Ukilazimika kwenda, panga uwe mjini kabla ya adhuhuri.

Upande wa kutokea

*Barabara ya Kasenga*, kaskazini-mashariki, kupita uwanja wa ndege wa Luano. Huu ndio ninaoupendekeza kwa anayeanza. Magari si mengi kama kwingine, vijiji vimefuatana, na ukipotea unajua jiji liko kusini-magharibi. Upande huo pia kuna hifadhi binafsi ya Mikembo, ambako unaona miombo isiyochomwa makala ilivyo. Huingii bila ruhusa ya wenyewe, kwa hiyo iombe mapema.

*Kasapa*, kupita kampasi ya chuo kikuu cha UNILU. Ni karibu na mjini, kuna vijia vingi, lakini miti mikubwa ni michache. Inafaa kwa mazoezi ya nusu siku.

*Barabara ya Likasi.* Vilima vya kweli viko huko, hasa ukikaribia Likasi, ila ni kilomita 120 na barabara yenyewe ni N1, yenye malori ya madini usiku na mchana. Usiipite kwa baiskeli. Ukitaka vilima vya Likasi, pakia baiskeli kwenye gari, uanzie hukohuko. Kumbuka pia upepo: kiangazi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo hukohuko, aliyekwenda kuelekea kaskazini-magharibi anarudi akiupokea usoni wakati miguu imeshachoka.

*Kipushi na Kasumbalesa.* Kipushi iko mpakani kabisa na Zambia, na kijia cha msituni hakina kibao cha mpaka. Barabara ya Kasumbalesa imejaa malori na magari ya kubeba asidi. Siku ya mapumziko haihitaji mambo hayo.

KISANDUKU: Baiskeli yenyewe

Usinunue baiskeli kwa kuangalia rangi na idadi ya gia. Angalia kama fundi wa kijijini ataweza kuigusa.

- *Vali.* Chagua rimu yenye tundu pana, la vali nene kama ya gari. Vali nyembamba za baiskeli za mashindano hazipati pampu kijijini, na tyubu ya kinga (baiskeli) ya mizigo haitaingia kwenye tundu lake.
- *Ukubwa wa gurudumu.* Baiskeli za mizigo za huku ni inchi 28. Tyubu yake itaingia kwenye gurudumu la inchi 29 kwa dharura na kukufikisha nyumbani. Gurudumu la inchi 27.5 halina ndugu barabarani, kwa hiyo beba tyubu zako mbili.
- *Upepo.* Kwa mtu wa kilo 70 hivi, weka baa 2 hadi 2.5. Tairi lililojazwa mpaka likawa gumu linateleza juu ya changarawe nyekundu, lililolegea sana linabanwa kwenye jiwe na tyubu inapasuka matundu mawili sambamba.
- *Breki.* Zijaribu kwenye mteremko ukiwa na mzigo wako wote mgongoni. Kuzijaribu uani hakukuambii kitu.
- *Mnyororo.* Vumbi la huku ni laini na linashika mafuta. Paka mafuta kidogo usiku wa kuamkia safari, kisha futa mpaka kitambaa kitoke karibu kikavu.

Orodha ya kubeba

☐ Maji lita 3 Juni na Julai, lita 5 Septemba na Oktoba
☐ Chumvi kidogo, karanga, viazi vitamu vilivyochemshwa, chikanda au mayai
☐ Tyubu 2, viraka, gundi mpya (iliyofunguliwa mwaka jana imeshakauka), pampu
☐ Funguo za kila nati ya baiskeli yako, kipande cha waya, raba ya kufungia
☐ Kipande cha tairi kuukuu cha kuziba tairi likichanika
☐ Taa, hata kama unaamini utarudi mchana
☐ Bandeji mbili ndefu, dawa ya vidonda
☐ Karte ya uchaguzi au kitambulisho kingine, na nakala yake
☐ Simu yenye ramani iliyopakuliwa kabla, kwa sababu mtandao unapotea mabondeni
☐ Pesa ndogondogo za franga

Kofia ngumu haiko kwenye orodha kwa sababu inakaa kichwani tangu mlangoni.

Hesabu ya saa

Mwezi wa Juni jua linachomoza Lubumbashi kama saa 12 na nusu asubuhi, yaani 6:30 kwa wanaohesabu kwa Kifaransa, na linazama kabla ya saa 12 jioni. Una saa 11 na nusu tu za mwanga. Kwenye vijia vya msituni mtu wa kawaida anakwenda kilomita 10 kwa saa, na mara nyingi chini ya hapo akihesabu vituo. Fuata hatua hizi:

1. Jioni ya kabla, mwambie mtu mmoja nyumbani unatokea barabara gani, kijiji gani utaacha lami, na saa ngapi aanze kupiga simu. "Naenda porini" haimsaidii mtu kukutafuta.
2. Ondoka mara tu kunapopambazuka. Wenye makala wengi huingia mjini saa hizohizo, na utawaona kabla hawajakufikia.
3. Kwa safari ya kwanza panga kilomita 50 hadi 60 kwa jumla, pamoja na zile za mjini.
4. Geuza saa 6 adhuhuri. Usigeuze kwa kilomita. Hata kama kile kilima unachokitaka kiko mbele yako, saa 6 ni saa 6.
5. Saa 10 alasiri uwe umeshatoka vijiani, uko kwenye barabara unayoijua.

Hatua ya nne ndiyo inayovunjwa zaidi, na sababu yake ni nzuri: baada ya adhuhuri ndipo umeingia kwenye miti mikubwa. Ukitaka muda zaidi huko, punguza mwanzo. Pakia baiskeli kwenye gari mpaka kijiji cha mbali, uanzie hapo.

Kwenye njia panda

1. Simama. Shuka.
2. Geuka utazame nyuma. Kumbuka njia inavyoonekana kutoka upande utakaorudia, maana mti uliouona kushoto utakuwa kulia, na kichuguu kitakuwa na sura nyingine.
3. Weka alama yako: matawi mawili yaliyopishana, upande wa njia unayoiacha. Usichanje mti wa watu.
4. Angalia ardhi. Mistari myembamba ya matairi iliyozama sana ni ya mizigo ya makala, na inaelekea mjini. Nyayo tupu bila matairi zinaelekea shambani au mtoni.
5. Endelea kwenye njia pana isipokuwa una sababu ya kuiacha.

Ukihisi umepotea, jua litakusaidia. Kuanzia Machi hadi Septemba jua la adhuhuri hapa liko upande wa kaskazini, kwa hiyo kivuli chako cha saa 6 kinaelekea kusini. Aliyetokea barabara ya Kasenga au Kasapa afuate kivuli hicho, na alasiri aweke jua mkono wake wa kulia. Atagonga barabara au jiji.

Vichuguu vikubwa vya Katanga, vingine vyenye urefu unaozidi mita 5, ni mahali pazuri pa kupanda kutafuta mtandao wa simu. Gonga ardhi kwa fimbo kwanza. Nyoka wanapenda matundu yake.

Watu wa njiani

Mtu anayesukuma kinga yenye magunia ya makala ana haki ya njia kuliko wewe. Anaposhuka mteremko hana breki ya kuuzuia mzigo ule, na akiyumba magunia yanamwangukia. Toka kwenye kijia, simama upande wa juu wa mteremko, mwache apite. Akiwa anapanda na unamwona anahema, weka baiskeli yako chini umsaidie kusukuma mpaka kileleni. Hutapata mwelekezi bora kuliko huyo.

Salamu kwanza: "Jambo, papa," "Jambo, mama," "Jambo, yaya" kwa aliyekuzidi kidogo. Subiri uulizwe unatoka wapi. Kisha uliza swali lisilojibika kwa ndiyo. Ukisema, "Njia hii inaenda Lubumbashi?" utajibiwa ndiyo, kwa heshima, na kwa kuwa mwishowe njia zote zinafika. Sema, "Njia hii inatokea wapi?" Na badala ya kuuliza kama ni mbali, uliza, "Umetoka huko saa ngapi?" Mtu hakosei saa aliyotoka.

Kijijini, ukitaka kupumzika au kuacha njia kuu, jitambulishe kwa chifu. Dakika kumi za mazungumzo zinakufanya mgeni wake, na mgeni wa chifu hapotei bila mtu kumtafuta.

Migodi ni habari nyingine. Ukiona uzio, shimo, kibao cha kampuni, au vijana wamebeba magunia mazito madogo, geuka. Usipige picha, hata ya ua. Walinzi na polisi hawana namna ya kujua kwamba wewe ni mtembezi tu, na kuwaeleza kutakula siku yako nzima. Kwenye kizuizi cha barabarani, shuka kabla hujaambiwa, vua miwani, toa kitambulisho.

Maji: usijidanganye kwa kuchemsha

Sehemu hii isome mara mbili. Kuchemsha au kutia vidonge kunaua vijidudu. Hakuondoi shaba, kobalti wala risasi iliyoyeyuka ndani ya maji. Mito ya ukanda huu, Kafubu ukiwemo, imepokea taka za migodi na viwanda kwa miaka mingi, na maji hayo yanaweza kuwa meupe kabisa, bila harufu. Zaidi ya hayo, kuna vilima ambavyo shaba iko ardhini kiasi kwamba miti haioti: utaona uwanda wa nyasi na maua juu ya kilima katikati ya msitu. Pazuri pa kupumzika, ila maji yanayochuruzika hapo yaache.

Beba maji yako. Yakiisha, omba kijijini kwenye pampu wanayokunywa wenyewe.

Moto wa porini

Moto wa Agosti na Septemba unawashwa na wawindaji na wakulima, na nyasi zikiwa kavu unakimbia kuliko baiskeli inayopanda.

- Ukiuona mbele na upepo unakujia, usishindane nao. Rudi ulikotoka.
- Ukikuzidi, tafuta mahali ambapo hapana cha kuungua: eneo lililokwisha kuungua, uwanja wa tanuri la zamani, njia pana ya mchanga.
- Usipande mlima kuukimbia. Moto unapanda haraka kuliko unavyoshuka.
- Usikanyage tanuri linalotoa moshi, wala udongo mweusi wenye joto pembeni yake. Chini kunaweza kuwa na makaa mekundu, na juu panaonekana kama ardhi tu.

Ajali

Anguko la kawaida huku ni la mteremko wa changarawe: mtu anabana breki ya mbele kwenye kona, gurudumu linamtoka. Punguza mwendo kabla ya kona, mwili nyuma ya tandiko, breki zote mbili kwa vidole viwili. Ukiingia kwenye kona ukiwa umechelewa kupunguza, bora utoke nje ya njia ulipoona ni wazi kuliko kubana. Lakini angalia visiki: wachoma makala hukata kwa mshazari, na kisiki cha urefu wa goti kina ncha.

Aking'atwa mtu na nyoka, mtulize, mvue pete na viatu, funga ubao kwenye kiungo kisisogee, mbebe. Usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kuzuia damu. Mtu asikanyage pedali kurudi, damu itakwenda mbio. Hapo ndipo faida ya kwenda watatu inapoonekana: mmoja akae naye, mmoja akalete pikipiki kijijini. Kwenda peke yako siku nzima kwenye vijia hivi sikushauri, hata kama unavijua.

Makosa yanayorudiwa

- Kuondoka saa 3 kwa sababu mwenzenu alichelewa. Mwacheni.
- Kutegemea simu moja kwa ramani, picha, muziki na dharura.
- Kula mara moja tu, mchana. Kula kidogo kila saa, hata bila njaa.
- Kufuata moshi ukidhani ni kijiji. Mara nyingi ni tanuri.
- Kununua gunia la makala njiani "kwa kuwa ni rahisi". Utalibeba na nini?

Ukisharudi

Mpigie simu yule uliyemwachia habari zako kabla ya kuoga, asije akaanza kukusumbulia watu. Futa mnyororo usiku huohuo, kwa kitambaa na si kwa maji ya kumwaga. Jikague kupe nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye makwapa. Ukipata homa kati ya siku ya 7 na ya 30 baada ya safari, nenda ukapime malaria siku hiyohiyo, na mwambie muuguzi kwamba ulikuwa msituni.